Stabat Mater ya Vivaldi (RV 621): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Kwaresima inapokaribia, wanakwaya na walimu wa kwaya huanza kuulizana kuhusu kazi hii: mwingine ameisikia redioni, mwingine ameona kijana akiiimba kwa sauti nyembamba kwenye video, mwingine anataka kujua kama parokia yake inaiweza. Majibu yako hapa chini. Yale yanayohusu muziki wenyewe nimeyaandika kwa kirefu, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakokosa kitu kikubwa.

Stabat Mater ya Vivaldi ni kazi gani hasa?

Ni utenzi wa Kilatini juu ya Bikira Maria aliyesimama chini ya msalaba, uliotiwa muziki na Antonio Vivaldi kwa ajili ya mwimbaji mmoja tu wa alto, yaani ile ambayo kwaya zetu huiita sauti ya pili. Anayemsindikiza ni kundi dogo la ala za nyuzi: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, na ala za besi pamoja na kinanda. Hakuna kwaya. Hakuna tarumbeta, zumari wala ngoma. Mtu mmoja anaimba kwa takriban dakika 20, na karibu muda wote mwendo ni wa polepole.

Ni muziki wa kipindi cha Baroko, kilichoanza miaka ya 1600 na kuishia karibu 1750.

Vivaldi huyu ndiye yule wa "Misimu Minne"?

Ndiye. Alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678 na kufariki Vienna tarehe 28 Julai 1741. "Misimu Minne" ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, yaani miaka 13 baada ya Stabat Mater hii. Kwa hiyo anayeijua ile ya fidla tu, hapa anakutana na Vivaldi kijana zaidi, mwenye umri wa miaka 34, na mwenye tabia tofauti kabisa: hana haraka, na hana hamu ya kuonyesha ufundi wa vidole.

Ni kweli alikuwa padre?

Kweli kabisa. Alipewa daraja la upadre mwaka 1703, na kwa sababu ya nywele zake watu wa Venice walimwita padre mwekundu. Aliacha kuadhimisha Misa mapema. Katika barua aliyoandika mwaka 1737 alieleza kwamba tangu kuzaliwa alikuwa na maradhi ya kubanwa kifua, na kwamba mara tatu alilazimika kuondoka altareni kabla Misa haijaisha. Hakuacha upadre wenyewe, na aliendelea kusali breviari yake, yaani kitabu cha sala za kila siku za padre. Maneno ya utenzi huu hayakuwa mageni kwake hata kidogo.

Iliimbwa wapi na lini kwa mara ya kwanza?

Brescia, kaskazini mwa Italia, katika kanisa la Santa Maria della Pace, tarehe 18 Machi 1712. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, na ndipo palipofanyika sikukuu ya Mateso Saba ya Bikira Maria. Leo Wakatoliki wanaadhimisha Bikira Maria Mama wa Mateso tarehe 15 Septemba, lakini zama zile siku yake kubwa ilikuwa hiyo Ijumaa ya mwisho kabla ya Juma Kuu. Jambo hili lina maana kwa msikilizaji: muziki huu uliandikwa kwa watu waliokwisha kufunga kwa majuma matano na zaidi, wenye Ijumaa Kuu mbele yao baada ya siku saba tu.

Waliouagiza ni mapadre wa Oratorio, wafuasi wa Mtakatifu Filipo Neri. Shirika hilo limependa muziki tangu mwanzo wake. Hata aina ya muziki iitwayo oratorio imepata jina lake kutokana na vyumba vyao vya sala.

Kwa nini Brescia, wakati yeye aliishi na kufanya kazi Venice?

Baba yake, Giovanni Battista Vivaldi, alikuwa mzaliwa wa Brescia na mpiga fidla. Mwanzoni mwa 1711 baba na mwana walikwenda kupiga fidla katika kanisa hilohilo la Santa Maria della Pace, kwenye sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Mwaka uliofuata ndipo ilipokuja kazi hii.

Kuna sababu nyingine inayofaa kukumbukwa. Huko Venice Vivaldi alikuwa mwalimu wa fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya kulelea watoto wa kike walioachwa. Kazi ya kutunga muziki wa kanisa pale Pietà ilikuwa ya mkuu wa kwaya, Francesco Gasparini, aliyeondoka mwaka 1713. Kabla ya hapo, Vivaldi aliyetaka kutungia kanisa ilibidi apate mlango mahali pengine, na Brescia ilimfungulia.

Maneno ni ya nani?

Ni utenzi wa karne ya 13. Kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa wa Jacopone da Todi, Mfransisko aliyefariki mwaka 1306. Wengine wamemtaja Papa Inosenti III, na wataalamu hawajakubaliana. Ubeti wa kwanza ni huu:

*Stabat Mater dolorosa*
*juxta crucem lacrimosa,*
*dum pendebat Filius.*

Kwa Kiswahili chepesi: Mama mwenye uchungu alikuwa amesimama kando ya msalaba akitoka machozi, Mwanawe alipokuwa ametundikwa.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atausikia utungo huu upesi. Kila ubeti una mishororo mitatu, kama tathlitha. Mizani ni 8, 8, na 7. Mishororo miwili ya kwanza ina kina kimoja, na mshororo wa tatu hauishi peke yake: kina chake kinajibiwa na mshororo wa tatu wa ubeti unaofuata. *Filius* ya ubeti wa kwanza inapokelewa na *gladius* ya ubeti wa pili, yaani Mwana na upanga, ule upanga ambao mzee Simeoni alimtabiria Maria katika Injili ya Luka. Kwa hiyo beti zinakwenda mbili mbili, zimefungwa kwa vina. Vivaldi alilijua hilo, nasi tutaliona katika mpangilio wake.

Mbona anatumia beti 10 tu, wakati utenzi mzima una beti 20?

Kwa sababu ya matumizi yake katika liturujia. Mtaguso wa Trento uliondoa kwenye Misa sekwensia nyingi, yaani tenzi ziimbwazo kabla ya Injili, na Stabat Mater ilikuwa miongoni mwa zilizoondolewa. Papa Benedikto XIII aliirudisha kama sekwensia mwaka 1727. Mwaka 1712, basi, haikuwa na nafasi ndani ya Misa. Iliimbwa kama utenzi wa Masifu ya Jioni, na kwa Masifu ya Jioni hutumika beti 10 za mwanzo. Vivaldi hakukata chochote. Alitia muziki maneno yaleyale aliyopewa kwa ajili ya sala ile.

Ina vipande vingapi, na vinakwendaje?

Vipande tisa. Vyote vimesimama kwenye F minori au C minori, na hadi Amina hakuna kinachozidi mwendo wa Andante, yaani wa kutembea. Kwa wasomaji wa solfa: kwenye F minori, la ni F, na do inaangukia A-flati.

Kipande cha kwanza, *Stabat Mater dolorosa*, ni Largo, yaani polepole na kwa upana. Ala zinatangulia peke yake, kisha mwimbaji anaingia bila kupaza sauti. Cha pili, *Cujus animam gementem*, ni kifupi na kimeandikwa Adagissimo, polepole kuliko polepole; sauti inakaribia kusema badala ya kuimba. Cha tatu, *O quam tristis*, kinasogea kidogo, Andante, na kinabeba ubeti wa tatu na wa nne pamoja.

Kisha muziki uleule wa vipande hivyo vitatu unarudi wote kwa maneno mapya: *Quis est homo*, *Quis non posset contristari*, na *Pro peccatis suae gentis*. Hilo nalijibu peke yake hapo chini.

Kipande cha saba, *Eja Mater, fons amoris*, ndicho kinachowashtua wasikilizaji wengi. Selo na kinanda vinanyamaza. Sakafu ya muziki imeondolewa, na fidla zinapiga kwa vishindo vifupi vyenye ncha, noti ndefu na fupi zikipokezana kwa ukali, huku sauti ya mwimbaji ikipita juu yake kwa utulivu. Ubeti wa saba ulikwisha kutaja mijeledi aliyopigwa Yesu, na wengi huisikia mijeledi hiyo kwenye fidla hizi. Mimi nami naisikia. Mwimbaji anamwomba Mama amfanye ahisi nguvu ya uchungu wake, na ala zinakuwa zimeshamwonyesha uchungu huo ulivyo.

Cha nane, *Fac ut ardeat cor meum*, kinaomba moyo uwake kwa upendo wa Kristo. Mtu angetegemea moto. Vivaldi anaandika Lento, yaani polepole, kwa mwendo wa kubembea wa mapigo 12, ambao Waitalia waliutumia kwa nyimbo za wachungaji na za Noeli. Ni moto wa makaa. Naamini hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika kazi nzima, na ndicho kinachoharibiwa mara nyingi zaidi na waimbaji wanaotaka kukichochea.

Amina ya mwisho ni Allegro, mwendo wa haraka wa pekee katika kazi yote. Sauti na ala zinaigana na kufuatana.

Kurudia muziki wa vipande vitatu vya kwanza si uvivu? Alikosa muda?

Swali hili huulizwa na watu makini, nalo linastahili jibu makini.

Kwanza, utenzi ni utenzi. Katika Masifu ya Jioni beti zote za utenzi huimbwa kwa tuni moja. Nasi katika nyimbo zetu za ibada hatushangai ubeti wa pili, wa tatu na wa nne vikifuata tuni ya ubeti wa kwanza. Ndivyo wimbo wa kanisa unavyokwenda. Vivaldi ameichukua desturi hiyo na kuipanua: badala ya tuni moja kwa ubeti mmoja, ana vipande vitatu kwa beti nne, kisha vitatu vilevile kwa beti nne nyingine.

Pili, na hapa ndipo ninapoomba msikilizaji afungue maneno na kuyafuata kwa kidole. Beti nne za kwanza zinasimulia. Mama amesimama. Upanga umepenya nafsi yake. Jinsi gani alivyohuzunika yule mbarikiwa, akitazama mateso ya Mwanawe. Tunaoneshwa tu. Beti ya tano na ya sita zinatugeukia sisi na kutuuliza: ni nani mtu yule asiyeweza kulia akimwona Mama wa Kristo katika mateso makubwa namna hii? Nani asingehuzunika? Na swali la kwanza linaletwa na muziki uleule ulioleta picha ya kwanza. Hatukuambiwa tulipousikia mara ya kwanza kwamba tutaulizwa. Sasa picha imerudi, na safari hii inatutazama sisi. Muziki mpya ungetupa nafasi ya kuburudika na upya wake. Muziki uleule hautupi nafasi hiyo.

Vivyo hivyo kipande cha tatu na cha sita. Mara ya kwanza muziki ule unabeba huzuni ya Mama. Mara ya pili unabeba mapigo ya Mwana na kufa kwake katika upweke. Kwa tuni moja, maumivu ya wawili hawa yamekuwa kitu kimoja, na hayo ndiyo mafundisho ya utenzi wenyewe.

Tatu, angalia anapoacha kurudia. Muziki mpya unaanza kwenye ubeti wa tisa, *Eja Mater*. Na hapo ndipo mshairi, baada ya beti nane za kusimulia na kuuliza, anapomgeukia Maria kwa mara ya kwanza na kusema naye ana kwa ana: Ee Mama, chemchemi ya upendo. Kutazama kumekwisha, sala imeanza. Mtunzi mvivu angeendelea kurudia, au angeacha popote karatasi ilipomwishia. Huyu ameacha kwenye mshono wa shairi.

Inawezekana kazi ilitakiwa haraka. Vivaldi alikuwa mtu wa kuandika haraka maisha yake yote. Lakini haraka haiwezi kueleza mahali pa kuacha.

Kwa mwimbaji, maana yake ni moja: usiimbe *Quis est homo* kama ulivyoimba *Stabat Mater*. Noti ni zilezile, kazi si ileile. Mara ya kwanza unasimulia, mara ya pili unauliza.

Iliandikiwa mwanamke au mwanamume?

Katika kanisa lile la Brescia mwaka 1712 aliimba mwanamume. Wanawake hawakuimba kwenye kwaya za makanisa ya Kikatoliki, isipokuwa ndani ya monasteri zao na katika nyumba kama ile ya Pietà. Sauti ya alto ya kiume ilipatikana kwa njia mbili. Wengine walikuwa wanaume waliotumia sauti ya kichwani. Wengine walikuwa makastrato, wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti yao isivunjike; ni ukatili uliofanywa kwa maelfu ya wavulana wa Italia kwa ajili ya muziki, wa kanisa na wa opera, na hauna budi kutajwa kwa jina lake.

Leo inaimbwa na wanawake wenye sauti nzito na wanaume wa sauti ya kichwani pia. Hakuna aliye sahihi kuliko mwenzake. Sauti nzito ya mwanamke ina joto la chini ambalo wanaume wachache wanalo; sauti ya kichwani ya mwanamume ina uwazi ambao huifaa sana *Eja Mater*.

Nimeona mwanamume akiiimba kwa sauti nyembamba. Ni sauti yake halisi?

Ni yake. Anaitwa kauntatena. Hajafanyiwa jambo lolote mwilini. Anapozungumza unaweza kumkuta na sauti ya kawaida kabisa ya kiume. Ameifunza sehemu ile ya juu ya sauti ambayo kila mwanamume anayo, mpaka ikapata nguvu na uthabiti.

Kazi hii ilipoteaje, na ilipatikanaje?

Baada ya kufa Vivaldi mwaka 1741 jina lake lilififia upesi. Mkusanyo mkubwa wa maandishi yake ulipita mikononi mwa matajiri wapenda muziki hadi ukafika kwa Count Giacomo Durazzo wa Genoa, ukakaa ndani ya ukoo huo, kisha ukagawanywa kati ya warithi. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeusikiliza.

Mwaka 1926 mapadre Wasalesiani wa chuo kimoja huko Borgo San Martino, katika mkoa wa Piemonte, walitaka kuuza vitabu vya zamani vya muziki walivyorithishwa. Waliomba ushauri kwa Maktaba ya Taifa ya Turin. Mkurugenzi Luigi Torri alimkabidhi kazi hiyo Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki katika chuo kikuu cha mji huo. Gentili alipofungua makasha alikuta juzuu 14 za Vivaldi, nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Maktaba haikuwa na fedha. Aliyelipa ni Roberto Foà, baba aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mdogo, Mauro, na mkusanyo ukapewa jina la mtoto huyo.

Gentili alitambua kwamba juzuu zile ni nusu tu. Nusu ya pili ilitafutwa mpaka ikapatikana Genoa, kwa mtu wa ukoo uleule wa Durazzo, na mwaka 1930 ikanunuliwa kwa fedha za Filippo Giordano. Naye alikuwa amefiwa na mtoto wa kiume, Renato. Zote pamoja ni juzuu 27, na hadi leo, katika maktaba ya Turin, zinaitwa kwa majina ya watoto hao wawili: Mauro Foà na Renato Giordano. Stabat Mater hii ilikuwa ndani ya hazina hiyo.

Nashindwa kuyapita haya haraka. Utenzi wa mzazi aliyefiwa na mwana umetufikia kwa sababu wazazi wawili waliofiwa na wana waliamua kumbukumbu ya watoto wao iwe muziki. Na familia ya Foà ilikuwa ya Kiyahudi, kama Gentili mwenyewe, ambaye mwaka 1938 sheria za kibaguzi za Mussolini zilimwondoa kazini.

Mnamo Septemba 1939 mtunzi Alfredo Casella aliandaa wiki ya muziki wa Vivaldi mjini Siena, na Stabat Mater ikasikika tena. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza Poland siku chache tu kabla yake.

RV 621 ni nini?

Ni namba ya kazi hii katika orodha ya Peter Ryom, mtaalamu wa Denmark aliyepanga kazi zote za Vivaldi. Ukitafuta noti au rekodi, andika namba hii. Itakuepusha na Stabat Mater za watunzi wengine.

Inatofautianaje na Stabat Mater ya Pergolesi?

Giovanni Battista Pergolesi aliandika yake mwaka 1736, mwaka aliofariki akiwa na miaka 26. Ni ya waimbaji wawili, soprano na alto, pamoja na nyuzi, na inatumia beti zote 20. Nayo inaanza kwa F minori. Ina mabadiliko mengi ya hali, na baadhi ya vipande vyake vina uchangamfu ambao uliwakera watu hata zamani zile. Ya Vivaldi imebaki mahali pamoja na kutazama. Anayependa mazungumzo ya sauti mbili ataipenda ya Pergolesi. Mimi nikichagua ya kusali nayo, nachagua ya Vivaldi.

Tunaweza kuiimba kanisani?

Mahali pake pa asili ni Masifu ya Jioni, na hapo inafaa mpaka leo. Tarehe 15 Septemba sekwensia ya Stabat Mater inaruhusiwa kwenye Misa, ila dakika 20 ni nyingi. Kipande cha kwanza au *Fac ut ardeat* kinaweza kuimbwa wakati wa vipaji au baada ya komunyo, kwa makubaliano na padre. Nafasi nzuri kuliko zote ni jioni ya tafakari wakati wa Kwaresima. Waamini waliozoea kuimba beti za Stabat Mater kati ya vituo vya Njia ya Msalaba watatambua mara moja wanachosikia, hata kama tuni ni ngeni. Wape karatasi yenye maneno ya Kilatini na maana yake kwa Kiswahili. Bila karatasi hiyo, nusu ya kazi imepotea.

Kwaya yetu ya parokia inaiweza?

Kwaya nzima, hapana. Haikuandikiwa kwaya, na waimbaji 15 wa sauti ya pili wakiimba pamoja hawawezi kupumua wala kunyamaza kama mtu mmoja. Lakini mtu mmoja wa sauti ya pili aliyefundishwa vizuri anaiweza. Haimpandishi juu sana na haina mbio nyingi za noti. Ugumu wake ni pumzi: misemo mirefu, mwendo wa polepole, na ukimya katikati ambao mwimbaji mchanga huona aibu kuuacha ukae.

Kwa ala, watu watano wanatosha: fidla mbili, viola moja, selo moja, na kinanda. Mpiga kinanda anafuata noti za besi kwa mkono wa kushoto na kujazia kwa mkono wa kulia. Matoleo mengi ya siku hizi yamemwandikia sehemu hiyo. Kinanda cha umeme kinafaa kikiwekwa kwenye sauti ya ogani ndogo, bila mtetemo. Kama hakuna viola, usiende kwenye onyesho la kazi nzima. Kwenye *Eja Mater*, ambako besi imenyamaza, viola ndiyo inayoshika chini. Hapo imba vipande viwili vitatu na uiache *Eja Mater* hadi viola ipatikane.

Usisindikize kwa midundo ya kompyuta. Kazi hii inaishi kwa kusubiriana kati ya mwimbaji na upinde, na midundo haisubiri.

Noti zinapatikana wapi?

Maktaba ya intaneti ya IMSLP inazo bure, kwa kuwa Vivaldi hana tena hakimiliki. Ziko kwenye noti za mistari; kwa wanaosoma solfa, mwalimu atalazimika kugeuza sehemu ya sauti mwenyewe, nayo ni kazi ya siku chache kwa sababu vipande vitatu vinajirudia.

Nianze na rekodi gani?

Ya James Bowman na Academy of Ancient Music chini ya Christopher Hogwood, ya miaka ya 1970, ndiyo iliyowafundisha wengi kwamba kazi hii ipo. Ya Andreas Scholl na Ensemble 415 wa Chiara Banchini ni tulivu na safi. Anayeanza aanzie hapo. Ya Philippe Jaroussky na Ensemble Artaserse ya mwaka 2014 ina wepesi zaidi. Kwa sauti ya mwanamke, Sara Mingardo na Concerto Italiano wa Rinaldo Alessandrini. Mimi hurudi kwake kuliko kwa wote, kwa jinsi anavyotamka maneno kama mtu anayeyaamini.

Ukisikia rekodi mbili zikitofautiana kwa nusu toni, sikio lako halijakosea: wapigaji wa ala za kale hushusha A hadi mitetemo 415 kwa sekunde, badala ya 440 ya kawaida.

Baada ya hii nisikilize nini?

*Nisi Dominus* RV 608 ya Vivaldi mwenyewe, zaburi ya 127 kwa alto na nyuzi. Kisha kantata BWV 54 ya Johann Sebastian Bach, nayo ya alto na nyuzi, kwa Kijerumani.

Kilatini chake kinatamkwaje?

Kama wanavyotamka Waitalia, na msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa, kwa kuwa irabu a, e, i, o, u ni zilezile tulizo nazo, safi na zisizopinda. Waimbaji wa Kiingereza huhangaika miaka kuzipata. Konsonanti ndizo za kuangalia: c kabla ya e au i ni ch, hivyo *crucem* ni "kruchem" na *supplicio* ni "suplichio". G kabla ya e au i ni j: *gementem* ni "jementem", lakini *gladius* inabaki na g yake. J inasomwa y, hivyo *juxta* ni "yuksta" na *Eja* ni "eya". Qu ni kw. Ae ni e moja tu. Na usiongeze irabu mwishoni mwa neno linaloishia na konsonanti: *Stabat* inaishia kwenye t, *crucem* kwenye m, na mwalimu asikilize hapo kwa makini kuanzia zoezi la kwanza.